Michezo ya Video ya Kujongea na Mwendo wa Mgonjwa wa Parkinson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa Parkinson na familia zao wanaoishi Moshi, Arusha na vijiji vya jirani. Maswali ni yale ambayo sisi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) huulizwa karibu kila tunapotaja kwamba runinga na gemu inayochezwa kwa mwili mzima vinaweza kumsaidia mgonjwa kutembea vizuri zaidi.

Ugonjwa wa Parkinson unaharibuje mwendo?

Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kazi yake mojawapo ni kuuwezesha mwili kufanya mambo uliyoyazoea bila mtu kuyafikiria. Katika ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza kwa maandishi mwaka 1817, chembe hizo hufa polepole. Watu wengi hukumbuka kutetemeka kwa mkono, lakini kinachomnyima mgonjwa uhuru wake mara nyingi ni miguu. Hatua hufupika, nyayo huburuzika, mkono mmoja huacha kupunga, mgongo huinama mbele, na kugeuka kunakohitaji hatua mbili au tatu kunageuka kuwa vijihatua vingi vya wasiwasi. Wengine huganda: wanataka kwenda, akili iko timamu, lakini miguu inakataa. Wagonjwa wetu husema ni kama nyayo zimepakwa gundi.

Jambo la kushika hapa, kwa sababu majibu mengine yote yanalitegemea, ni kwamba nguvu ya misuli kwa kawaida bado ipo. Kilichopungua ni ule mwendo unaojiendesha wenyewe. Ndiyo maana mzee yule yule aliyekwama kwenye sakafu tupu anaweza kupanda ngazi bila shida, kwa kuwa kila kipandio kinamwonyesha mahali pa kuweka mguu.

Sasa mchezo wa video unaingiaje hapo?

Mchezo mzuri hufanya kazi ya kile kipandio. Mbele ya mgonjwa kuna skrini inayomwambia, kwa picha na kwa sauti, lini apige hatua, upande gani, na kubwa kiasi gani. Hatua hiyo sasa haitegemei tena ile njia ya ubongo iliyochakaa, kwa sababu mgonjwa anaipiga kwa makusudi, akifuata ishara inayotoka nje yake. Akipiga hatua fupi, mpira unampita, naye anaona papo hapo. Akiipiga ndefu, anaupata, na pointi zinaongezeka. Anarudia mara nyingi ndani ya dakika chache bila kuchoshwa na kurudia kwenyewe, jambo ambalo mazoezi ya kawaida ya kuhesabu moja hadi kumi hulipata kwa shida.

Kuna faida nyingine ambayo familia huwa hazitarajii. Mchezo humlazimisha mgonjwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: kusogea na kuamua. Maisha ya mtaani ni hivyo hivyo. Anayevuka barabara karibu na soko la Mbuyuni anatembea huku akisikiliza honi za bodaboda, akiangalia mtaro na kuitikia salamu, na ni katika kuchanganya mambo namna hiyo ndipo wagonjwa wengi hujikwaa. Ni bora ubongo ufanyie mazoezi mchanganyiko huo sebuleni, penye mtu wa kumdaka.

Je, kuna utafiti unaothibitisha haya, au ni matangazo ya biashara?

Utafiti upo, na ni vyema kuueleza jinsi ulivyo. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 8 yenye jumla ya washiriki 263 wenye Parkinson, na yakaona kwamba mazoezi ya aina hii, yakilinganishwa na fiziotherapia ya kawaida, huenda yakarefusha hatua kwa kiwango cha wastani, huku kwa mambo mengine kama uwiano wa mwili (kusimama bila kuyumba) matokeo yakikaribiana. Waandishi wenyewe walisema ushahidi huo ni hafifu, kwa kuwa majaribio yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Mwaka huo huo jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio kubwa lililohusisha wazee 302 wa Ubelgiji, Israeli, Italia, Uholanzi na Uingereza, ambao wote walikuwa na historia ya kuanguka na karibu nusu yao walikuwa na Parkinson. Wote walitembea kwenye mashine ya kutembelea (yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu) mara tatu kwa wiki kwa wiki sita, lakini nusu yao waliwekewa skrini mbele, kamera ikinasa miguu yao na kuionyesha ndani ya mchezo uliowataka kukwepa vizuizi. Katika miezi sita iliyofuata, waliotumia skrini walishuka kutoka wastani wa kuanguka mara 12 hivi hadi 6, ilhali waliotembea kwenye mashine peke yake walishuka kutoka karibu 11 hadi 8. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari yenye uzito kuliko zote, kwa sababu haizungumzii alama za maabara. Inazungumzia nyonga zisizovunjika.

Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2019, uliwafuata wagonjwa 130 waliokuwa wakiendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani huku wakicheza gemu, au wakifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Baada ya miezi sita, dalili za kimwili za waliokuwa kwenye baiskeli zilikuwa nafuu kuliko za wenzao.

Tukianza michezo, tuache dawa?

Hapana. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu na mojawapo ya zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haina mbadala katika mchezo wowote. Mgonjwa asipunguze wala asiache dawa bila daktari wake, na kuiacha ghafla kamwe asithubutu. Vilevile hakuna mchezo unaoponya Parkinson au unaozirudisha chembe zilizokufa.

Tununue kifaa gani?

Vilivyotumika zaidi katika tafiti ni Nintendo Wii, ambayo ina ubao wa kusimamia unaopima jinsi uzito unavyohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na Kinect ya Xbox, ambayo ni kamera inayouona mwili mzima bila mtu kushika chochote. Vyote viwili vimeacha kutengenezwa, kwa hiyo vinavyopatikana mjini ni vya mtumba, na hilo si tatizo ilimradi vijaribiwe kwanza vikiwa dukani. Kati ya hivyo viwili napendelea Kinect kwa mgonjwa anayehitaji kurefusha hatua, kwa sababu inampa nafasi ya kutembea kweli mbele na pembeni. Ubao wa Wii ni mzuri kwa uwiano, lakini ni kitu kilichoinuka sakafuni na mwenye miguu inayoburuzika anaweza kujikwaa wakati wa kupanda au kushuka.

Soma maandishi yaliyo kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Vifaa vilivyotoka Marekani au Japani vingi ni vya volti 100 hadi 120, na umeme wetu ni volti 230. Kwa Kinect ya kwanza, pima pia chumba: mchezaji mmoja anahitaji kusimama umbali wa takriban mita 1.8 kutoka kwenye kamera. Sebule nyingi zenye makochi makubwa na meza ya kioo katikati hazina nafasi hiyo mpaka meza itolewe.

Mchezo upi unafaa, na upi haufai?

Swali hili lina uzito kuliko la kifaa, ingawa familia nyingi hulisahau. Kinachofaa ni mchezo unaomtaka mgonjwa apige hatua kubwa kwa mpigo unaosikika, ahamishe uzito pembeni, anyooshe mikono juu na mbali, na ageuke taratibu. Kisichofaa ni kile kinachochezwa kwa vidole au mkono mmoja mtu akiwa amekaa, hata kama kimeandikwa kuwa ni cha michezo. Tenisi ya Wii, kwa mfano, huweza kuchezwa kwa kifundo cha mkono tu, na mgonjwa akishagundua ujanja huo miguu haisogei tena. Msimamizi asimame hapo na kumwambia, “Mzee, tunataka miguu,” mpaka iwe desturi.

Kasi nayo iangaliwe. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2012 uliwapa wagonjwa wa Parkinson michezo 10 ya Wii Fit, ukaona kwamba katika 7 walijifunza sawa na wazee wenzao wasio na ugonjwa, lakini katika 3 walibaki nyuma. Tofauti ilitokana na kile ambacho kila mchezo unaudai ubongo. Kwa hiyo mgonjwa akishindwa mchezo mmoja, tusihitimishe kwamba gemu hazimfai, tubadilishe mchezo. Na kama skrini imejaa vitu vingi vinavyomulika na kukimbia, tuanze na ule wenye kitu kimoja cha kufuata.

Nitaeleza jinsi hatua moja inavyoonekana kwa karibu. Mpira unatokea upande wa kulia wa skrini. Mgonjwa anayeanza huinamisha kiwiliwili kuelekea kulia, miguu ikiwa imeshikana, na hapo ndipo huyumba. Tunamfundisha kwanza kuegemeza uzito kwenye mguu wa kushoto, kisha kunyanyua wa kulia na kuutua mbali, kisigino kikitangulia, na mwisho mkono ndio uufuate mpira. Mpangilio huo wa uzito, mguu, kisigino, mkono unapokuwa umekaa, ndio huo huo utakaomsaidia kukwepa dimbwi kule Pasua au kuteremka kwenye gari la abiria.

Acheze mara ngapi kwa wiki, na saa ngapi?

Tafiti nyingi zimetumia dakika 30 hadi 45, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki sita au zaidi. Kwa anayeanza, dakika 10 zenye mapumziko ya kukaa zinatosha, kisha ongeza kidogo kidogo. Kinacholeta matunda ni kuendelea: akiacha kabisa, faida aliyoipata hupungua.

Saa ya kucheza ifuate dawa. Wagonjwa wengi huwa katika hali nzuri kuanzia kama saa moja baada ya kumeza levodopa, na huo ndio wakati wa mazoezi. Dawa inapokaribia kuisha nguvu, miguu huwa mizito na hatari ya kuanguka huongezeka. Kumbuka pia kwamba chakula chenye protini nyingi huizuia dawa kufyonzwa vizuri. Bakuli la mtori wenye nyama, maharage au maziwa pamoja na kidonge si mchanganyiko mzuri; mara nyingi hushauriwa dawa imezwe nusu saa kabla ya mlo au saa moja baada yake, ila mgonjwa anayepata kichefuchefu azungumze na daktari wake kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo, usimwache mgonjwa amesimama gizani akisubiri. Mkalishe. Kwa mazoezi ya jioni, taa ya kuchaji iwe imewashwa tangu mwanzo.

Sebule yetu iandaliwe vipi ili asianguke?

Toa zulia dogo, mkeka, stuli na waya zote zinazopita sakafuni. Sakafu ya vigae ikiwa imedekiwa, isubiriwe ikauke kabisa. Mgonjwa asivae kandambili wala soksi tupu. Avae viatu vilivyofungwa nyuma, vyenye soli isiyoteleza na isiyong’ang’ania sakafu. Akina mama wafunge kitenge juu ya vifundo vya miguu, au bora zaidi wavae suruali ya mazoezi chini yake, maana nimeona pindo la kanga likikanyagwa na mwenye kanga mwenyewe katika hatua ya kurudi nyuma.

Kiti kizito chenye mikono kiwe nyuma yake. Mtu mzima mwenye nguvu asimame kando na nyuma kidogo, upande ulio dhaifu zaidi, akiangalia nyonga na magoti ya mgonjwa badala ya skrini. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mchezo unavutia. Msaidizi asimshike mkono na kumvuta, kwani kuvutwa huharibu uwiano. Mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa ndio wa kushika pale anapoyumba. Kwa mtu anayeanguka mara kwa mara, vikao vya kwanza vifanyike hospitali mbele ya mtaalamu.

Nani asicheze kabisa?

Asiyeweza kusimama bila kushikwa, anayeona vitu visivyokuwapo, mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomulika, na mwenye maumivu ya kifua au mvunjiko ambao haujapona, hao wasianze bila ruhusa ya daktari. Wagonjwa ambao shinikizo lao la damu hushuka wanaposimama, jambo la kawaida katika Parkinson, wanywe maji ya kutosha, wakae kwanza ukingoni mwa kiti, kisha wasimame taratibu.

Baba anasema gemu ni za watoto na hataki hata kuziona. Tufanyeje?

Ana haki ya kusema hivyo, na kumlazimisha mzee mbele ya wajukuu ni kumvunjia heshima. Mara nyingi kinachomzuia ni hofu ya kuonekana anashindwa, hasa kama kuna majirani walioshaanza kunong’ona kwamba amerogwa au kwamba anatetemeka kwa sababu ya pombe. Kwanza aelezwe ugonjwa wake, kwa faragha na kwa lugha iliyo wazi. Kisha aambiwe kwamba hili ni zoezi aliloagizwa na hospitali, na kikao cha kwanza kifanywe bila watazamaji.

Baadaye wajukuu wana nafasi yao, tena kubwa. Mjukuu anayempa shikamoo babu yake, akamwomba amfundishe naye kupata pointi, hufanya kazi ambayo sisi wataalamu hatuiwezi. Angalizo moja tu: watoto hucheza kwa kasi, na mgonjwa akishindana nao atapiga hatua za haraka na fupi, kinyume kabisa cha tunachotaka. Wacheze kwa zamu, si kwa pamoja.

Mama anacheza vizuri mbele ya runinga lakini bado anaganda mlangoni. Kwa nini?

Kwa sababu mlangoni hakuna skrini. Mchezo unafundisha mguu kuitikia ishara. Sasa inabidi ishara hiyo ipelekwe mahali penyewe pa tatizo. Bandika vipande vya utepe wa kunata vyenye rangi inayoonekana, vinne au vitano, vikikatiza sakafu kabla ya kizingiti na baada yake, vikiachana kwa urefu wa hatua yake nzuri. Mama asiutazame mlango. Atazame mstari na kuuvuka.

Akiganda, wanaomzunguka hufanya kosa la kumwambia “twende, twende” na kumsukuma mgongoni. Wanyamaze. Mama asimame, avute pumzi, ajinyooshe, ayumbishe uzito kulia na kushoto kama alivyofanya kwenye mchezo, kisha ahesabu “moja, mbili” na kuanza kwa mguu mmoja aliouchagua. Wapo wanaoondoka kwa kuimba ubeti wa wimbo wa kwaya kimoyomoyo. Kwenye kugeuka, asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja. Azunguke kwa mzingo mpana.

Sisi tuko kijijini, hatuna runinga wala gemu. Tumekosa?

Hamjakosa, na ningependa jibu hili lisomwe na wengi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulibaini kwamba wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao. Kisha mwaka 2010 ukachapishwa utafiti kuhusu wagonjwa wa huku huku kaskazini mwa Tanzania waliokuwa hawajawahi kutumia dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za kuona na za kusikia, bila gemu yoyote, na mwendo wao ukaboreka, hata walipotembea huku wakifanya jambo jingine.

Hiyo ndiyo kanuni ile ile iliyomo ndani ya mashine. Chora mistari kwa chaki au mkaa kwenye sakafu ya saruji, au panga fito zilizolala kwenye uwanja uliofagiliwa. Mpigo wa ngoma, makofi, au programu ya mdundo kwenye simu hutosha kuwa sauti. Mjukuu arushe mpira wa makaratasi kulia na kushoto, bibi apige hatua kuufuata na kutaja rangi yake au kuhesabu kwa kurudi nyuma ishirini hadi moja. Kwenye miteremko ya Kibosho au Marangu, mazoezi yafanyike pale penye tambarare, karibu na nyumba, na si kwenye njia ya kihamba (shamba la nyumbani) yenye mizizi na mfereji.

Tutajuaje kwamba mwendo umeboreka kweli?

Msitegemee pointi za mchezo, kwa kuwa mtu anaweza kuujua mchezo bila kutembea vizuri zaidi. Weka kiti, pima mita 3, weka alama. Kwa stopwochi ya simu, pima muda anaotumia kusimama kutoka kitini, kwenda hadi alama, kugeuka, kurudi na kukaa. Fanyeni hivyo kila baada ya wiki mbili, saa ile ile baada ya dawa, na viatu vile vile, mkiandika kwenye daftari pamoja na idadi ya mara alizoanguka au kuponea chupuchupu. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa daktari.

Tuanzie wapi?

Anzeni kwa daktari ili ugonjwa uthibitishwe, kwa sababu si kila anayetetemeka ana Parkinson, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huleta dalili zinazofanana nayo. Kwa Moshi, hospitali za rufaa ni KCMC, ambako pia wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa, na Mawenzi; kwa Arusha kuna Mount Meru. Nendeni na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, daftari la kuanguka kwake, na video fupi ya simu inayomwonyesha akitembea nyumbani, akipita mlangoni na kugeuka, kwani wagonjwa wengi hutembea vizuri mbele ya daktari kuliko wanavyotembea kwao. Mtaalamu wa fiziotherapia akishaiona video hiyo, muulizeni moja kwa moja: hatua ipi ndiyo ya kurefusha kwanza, na mchezo gani utaifanyia kazi.